Tofali, Karatasi na Kifua

Haya, nyamazeni kidogo. Hadithi hii haina mwisho, nawaambia mapema, asije mtu akanishika koti kuniuliza "halafu?" Halafu ni yenu. Mimi nitawafikisha mlangoni, kuingia mtaingia wenyewe.

Palikuwa na kijiji kinaitwa Ilunda, juu kabisa milimani, huko ambako mwezi wa saba umande unaganda juu ya majani na watu wanaamka wamevimba vidole. Mtu wa Ilunda hakuulizi umeamkaje, anakuuliza kama umelala na joto. Na kwa kuwa baridi ndiyo iliyowalea, kila mmoja pale alikuwa na lake analolijua kuhusu moto.

Sesilia alijua karatasi. Alikuwa muuza viazi vya kuchemsha, banda lake lipo njia panda. Asubuhi anavifunga, vinabebwa hadi mnadani, mwendo wa saa tatu, na vikifunguliwa huko vinatoa mvuke. Wenzake walifunga kwa gazeti moja, vikafika vimepoa, wakamsema ana dawa. Dawa gani! Alichukua mifuko ya saruji, ile yenye karatasi zaidi ya moja, akatupa zenye vumbi, zilizo safi akazifikicha mpaka zikakunjamana, kisha akazipanga moja juu ya moja bila kuzibana. "Karatasi yenyewe si kitu," alizoea kusema. "Kitu ni hewa iliyotulia katikati. Moto ukifika pale unachoka."

Mzee Obadia alijua tofali. Alikuwa mchomaji, na alikuwa akijua jinsi tofali linavyomeza moto polepole na kuutema polepole. Likitoka kwenye tanuri analisogeza shavuni, halafu anakwambia: hili litakaa na joto mpaka jua litue, hili litapoa kabla hujamaliza uji. Hakuna siku aliyokosea.

Bibi Yusta yeye hakujua kitu ambacho ungeweza kumwomba akufundishe. Alizaa watoto tisa kwenye baridi ile ile, wote akawalea kifuani, ngozi kwa ngozi, na wote tisa wakavuka. Waliokufa walikufa ukubwani, kwa mengine. Kitinda mimba wake aliitwa Laheli.

Laheli aliolewa na Asheri, fundi bati. Huyu Asheri ndiye tutakayekwenda naye, basi mtazameni vizuri. Kijana mpole, asiyependa maneno, mikono imejaa makovu. Alitengeneza koroboi, mabomba ya moshi, na masanduku ya nguo ambayo mabibi harusi wa kijiji kizima waliondoka nayo. Mke wake alipofika miezi saba ya ujauzito, alimtengenezea sanduku la bati la nguo za mtoto na kulipaka rangi ya kijani. Alikuwa analifuta vumbi kila siku, masikini.

Alfajiri moja ya mwezi wa saba uchungu ukamkamata Laheli kabla ya wakati. Jua lilipochomoza mtoto alikuwa ameshatoka, wa kike. Jua lilipofika kwenye paa mama yake alikuwa ameshaondoka. Damu haikukata, basi. Bibi Yusta alikaa chini, kichwa cha binti yake mapajani.

Asheri akabaki amesimama na mtoto mikononi. Alikuwa mdogo mno, angeenea kwenye kofia. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mlima, saa nne kwa mguu, na njia ile gari halipiti.

"Mama," Asheri alisema, "nifanye nini?"

Bibi Yusta alikuwa anamfumba binti yake macho. Mlango ukasukumwa na upepo, baridi ikaingia, mtoto akakunja uso bila kutoa sauti. Asheri akawaza: adui ni upepo. Na kitu gani kinauzuia upepo kuliko vyote? Akalivuta lile sanduku, akatandika khanga moja, akamlaza mtoto, akarudisha kifuniko na kuacha upenyo wa kidole. Akalikumbatia, akatoka mbio kuelekea zahanati.

Loh, msicheke! Namwona mmoja pale ameshaanza kutikisa kichwa. Ungekuwa umefiwa na mke saa hiyo hiyo, ningekuona wewe na akili zako.

Alifika njia panda anahema. Sesilia alikuwa anaepua chungu.

"Asheri! Sanduku hilo linakwenda wapi na mbio hizo?"

"Ni mtoto, dada. Laheli amekufa."

Sesilia akaangusha upawa. Alifungua kifuniko, akaingiza mkono, na mkono ukaruka wenyewe kwa ubaridi wa lile bati. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi.

"Bati!" alifoka. "Wewe! Linakuunguza vidole kila siku ya Mungu, kwa nini? Si kwa sababu linapitisha moto upesi? Sasa ulidhani linapitisha kuja kwako tu? Linamnyonya huyu! Linachukua moto wake linaugawia upepo!"

Asheri alilitazama lile bati. Ilikuwa kweli, na alikuwa anaijua miaka kumi na mitano. Kila siku alishika koleo kwa sababu hiyo hiyo. Akalitua sanduku, akakaa kwenye mchanga.

Sesilia hakuwa na muda naye. Karatasi za saruji alikuwa nazo rundo, lakini ni ngumu, na ngozi ya mtoto yule ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilitakiwa karatasi laini ya kukaa ndani. Akatazama huku na huku. Halafu akasimama tu, amekodolea macho pembe ya banda, mpaka Asheri akadhani amerukwa na akili.

Pale pembeni, juu ya kichanja, palikuwa na madaftari kumi na moja yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Yalikuwa ya Gaudensi. Gaudensi alikuwa mtoto wake pekee, alikufa akiwa darasa la nne, mwaka wa saba sasa. Picha yake haikuwepo hata moja. Kilichobaki kwake hapa duniani kilikuwa mwandiko wake.

Sesilia aliyashusha. Alichana kurasa moja moja, akazifikicha viganjani mpaka zikalainika kama kitambaa, na hakusoma hata neno. Asheri ndiye aliyesoma, hakutaka lakini macho yana wazimu wake. Aliona hesabu za kujumlisha. Aliona mahali mwalimu alipoandika "vizuri sana" kwa wino mwekundu. Ukurasa ule nao ukafikichwa, ukawekwa mgongoni kwa mtoto.

Alipomaliza kumfunga, kurasa ndani, karatasi za saruji nje, aliweka kiganja juu akasikiliza.

"Sikiliza, Asheri. Karatasi haileti joto. Inalinda lililopo, na hapa lililopo ni dogo mno. Nenda kwa Obadia. Kimbia!"

Mzee Obadia alikuwa mbele ya tanuri lake, siku ya pili ya kuchoma. Mimi na ninyi tukiambiwa tanuri tunaona rundo la udongo tu. Lile lilikuwa miaka miwili ya yeye na mwanawe kukanyaga tope kwa miguu, maana walikuwa wanaishi kwenye kibanda cha nyasi kinachovuja, na mke wa mwanawe alikuwa ananyonyesha humo ndani. Yale matofali yalikuwa nyumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba yangu haitakusaidia, naona unatetemeka. Sema."

Asheri alifunua karatasi kidogo. Mzee alichungulia, hakuuliza la pili. Matofali ya karibu na moto yalikuwa mekundu, yangeunguza kila kitu. Lililofaa lilikuwa mstari wa tatu, ubavuni, na kulipata ni mpaka uvunje tope lililoziba tanuri. Ukivunja, upepo wa mwezi wa saba unaingia kwenye matofali yanayowaka. Obadia alijua kitakachotokea kuliko mtu yeyote pale mlimani.

"Baba, usifanye," mwanawe alisema.

Mzee alichukua jembe akavunja.

Alitoa mawili kwa sepetu. Moja alilipoza mpaka akaridhika nalo shavuni, akalifunga gunia, juu yake karatasi ya Sesilia, akalilaza miguuni kwa mtoto, ndani ya khanga, bila kumgusa. La pili alilizika ndani ya ndoo ya majivu. "Majivu yanaficha moto kuliko blanketi," alisema. "Hili tutalihitaji huko juu. Twende."

Hawajafika mbali, nyuma yao matofali yakaanza kupasuka. Pa! Pa! Mwanawe alikuwa anaziba kwa tope na mikono yake, lakini upepo ulikuwa umeshaingia. Asheri aligeuka kutazama. Obadia hakugeuka, alikuwa anakaza mwendo na ndoo yake, na alikuwa anatokwa na machozi waziwazi bila kuyafuta.

Kidogo kidogo midomo ya mtoto ikarudi rangi. Akalia, na kilio chenyewe kama cha kifaranga, lakini Asheri alikisikia mpaka kwenye mifupa. Wakapanda. Karibu na kileleni tofali la kwanza likawa vuguvugu tu, wakaliacha, wakalifukua la pili kwenye majivu. Bado lilikuwa la moto hasa.

Ndipo ukungu ukaanza kunyesha. Si mvua ya kuijua, ni yale manyunyu yanayoingia bila kuomba ruhusa. Asheri alivua koti akamfunika mtoto, koti likalowa, na baada ya koti karatasi. Karatasi ikilowa, ile hewa yake imekwisha, yamekaa maji mahali pake. Moto ukapata njia ya kutokea, na tofali la pili halikudumu hata nusu ya muda wake. Obadia alilisogeza shavuni. Akalitupa kwenye majani. Zilikuwa zimebaki saa mbili.

Wakasikia miguu.

Hapa niwaambie desturi moja ya Ilunda. Mama aliyefiwa na mtoto wake haondoki penye maiti mpaka amwoshe kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna mwingine anayemwosha, mama akiwa hai. Hata mama mgonjwa hubebwa akaletwa. Sasa aliyekuwa anapanda mlima nyuma yao, peku, damu ya binti yake imekauka mikononi, alikuwa Bibi Yusta.

"Leta," alisema. Basi, hilo tu.

Alizitupa karatasi zilizolowa, zilizobaki kavu akaziweka kando. Akafungua nguo, akamlaza mtoto kifuani, akamfunga kwa khanga, zile karatasi kavu akazipachika juu ya mgongo wa mtoto, kisha koti. Akatembea. Manyunyu yalimlowesha mgongo na kichwa, na kila alichopata cha joto katika mwili wake wa bibi kizee kilikwenda mbele, kwa mtoto. Asheri alijaribu kumshika mkono, ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akaupeleka mkono wake wa pili karibu na mtoto, huko palikuwa pa moto.

Walifika. Mtoto alipokelewa akawekwa penye joto. Bibi Yusta alipewa chai, hakuweza kukishika kikombe. Muuguzi aliyempokea alisema maneno ambayo Asheri aliyabeba mpaka nyumbani: "Popote pale njiani, mtoto huyu angekosa joto robo saa tu, mngeniletea maiti."

Sasa sikilizeni kilichowapata wenzetu.

Karatasi chache zilizofika zahanati, za saruji na za Gaudensi, nazo zilikuwa zimelowa na kuchafuka, zikatupwa shimoni na kuchomwa. Waliozichoma hawakujua ni za nani. Tanuri la Obadia lilipopoa na kufunguliwa, matofali mazima hayakutosha hata kujenga choo. Na Bibi Yusta alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa siku tisa. Maiti haiwezi kungoja siku tisa. Laheli alioshwa na majirani, akazikwa, na mama yake alipopanda kurudi alikuta udongo wa kaburi umeshakauka. Kikohozi kilichoanza siku ile hakijamwacha.

Mtoto alinenepa huko huko zahanati. Siku ya arobaini Asheri alikuwa naye nyumbani, na siku hiyo ndiyo shida yenyewe. Maana Ilunda mtoto aliyefiwa na mama wakati wa kuzaliwa halelewi na yeyote tu. Hupewa jiko lililompa joto. Aliyempa joto ndiye anayempa jina, anamlea mpaka meno ya utoto yang'oke, na mtoto anamwita mama, au baba. Baba mzazi anamkabidhi kwa mkono wake, asubuhi, nje ya nyumba, na akishamkabidhi hana tena la kusema.

Wakaja wote watatu. Hakuna aliyemwita mwenzake.

"Mimi sikuja kugombana," Sesilia alianza. "Nasema lililotokea. Alipofika kwangu alikuwa anakufa ndani ya bati. Bila karatasi hata lile tofali lingemwua, lingemchoma."

"Kweli," Obadia alisema. "Lakini dada, karatasi yako haikuleta joto. Maneno hayo ni yako mwenyewe, Asheri alikuwepo. Joto la kwanza kuingia kwenye mwili ule ni langu. Na kwangu kuna mkwe wangu ananyonyesha, mtoto atapata ziwa."

"Ziwa kwenye kibanda kinachovuja?"

"Na bado kinavuja kwa sababu ya nani?"

Sesilia akainamisha kichwa. Halikuwa neno la kuchezea.

Bibi Yusta alikohoa muda mrefu, wote wakamngoja. "Tofali liko kwenye majani kule juu," alisema. "Karatasi ziko shimoni. Mwendo wa saa mbili za mwisho hapakuwa na joto jingine ila langu. Nyinyi mlitoa vitu, mimi nilitoa mwili. Na huyu ni damu yangu."

"Ulimkuta hai, mama," Sesilia alisema polepole. "Ulimkuta hai kwa sababu yetu."

"Na kikohozi hicho," Obadia akaongeza, na ilionekana kinamuuma kusema. "Mama, utanisamehe. Mtoto huyu tayari amezika mama mmoja."

Hapo Bibi Yusta akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, mbele ya mkwe wake. "Nilimwacha mwanangu sakafuni peke yake! Sikumwosha! Nilimwacha nikamfuata huyu. Sasa mnaniambia nirudi nyumbani na nini?"

"Na mimi nirudi na nini?" Sesilia akasema, naye ameshaanza kulia. "Sina hata herufi moja ya mtoto wangu."

Obadia hakulia. Alitazama mikono yake tu, mikono ya mzee wa miaka sabini ambaye hatafyatua tena matofali ya kutosha nyumba.

Asheri alikuwa amesimama na mtoto. Kwa muda wote ule hakuna aliyemtazama usoni. Akajikaza.

"Na mimi je? Mimi ni baba yake. Nikikaa naye mimi?"

Obadia akatazama pembeni.

"Baba," Bibi Yusta alisema, na hakuwa na hasira, ndiyo maana ilimuuma zaidi, "wewe ulimtia kwenye bati."

Asheri akamvuta mtoto karibu. Alitaka kusema kwamba alikimbia, kwamba hakuwa na akili siku ile, kwamba hata yeye alifiwa. Yote aliyameza. Aliwatazama mmoja mmoja. Kila aliyemtazama alikuwa anastahili, na kila aliyemtazama alipoteza kitu ambacho hakirudi kwa ajili ya mtoto ambaye hata jina hana.

Ninyi hapo, najua mnavyojipanga. Msiniambie wamlee kwa zamu. Mtoto ahamishwe-hamishwe kwenye baridi ile, kila jua likichwea jiko jingine? Njia moja tu nusura immalize. Msiniambie aende penye ziwa yakaisha, maana desturi haiulizi nani ana maziwa, inauliza nani alitoa joto. Wala msiniambie damu ni damu. Damu yake mwenyewe ndiyo ilimweka kwenye bati.

Upepo ulikuwa umeanza. Mtoto akajinyoosha ndani ya blanketi, akaanza kulia, na Asheri alisikia uvuguvugu wake unapita kwenye sufu na kufika viganjani mwake. Kila punje ya joto lile aliletewa na mtu aliyesimama pale mbele yake.

Mikono sita ilikuwa imenyooshwa.

"Mpe mtu, baba," Bibi Yusta alisema. "Anapoa."

Asheri akapiga hatua moja mbele. Mimi naishia hapo. Je, wewe ungemweka mikononi mwa nani? Na ukishamweka, wale wawili wanaogeuka kurudi makwao mikono mitupu, ungewaambia nini?